Sura ya Sita: Aliyebeba Somo

Henry Morton Stanley alipoingia Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1871, akimtafuta David Livingstone, alikuta mfuko wa barua za Livingstone umelala hapo. Juu yake palikuwa na tarehe: 1 Novemba 1870, Unguja. Ulikuwa unakwenda Ujiji. Watu waliokabidhiwa mzigo ule walikuwa wamekawia Bagamoyo miezi kadhaa, na mbele ya Unyanyembe vita vya mtemi Mirambo na Waarabu vilikuwa vimeifunga njia ya magharibi. Barua zilikuwepo, na hadi Ujiji palibaki mwendo wa kilometa mia nne hivi. Stanley aliuchukua mfuko, akapita njia ya mzunguko upande wa kusini, akaufikisha Ujiji mwaka mmoja baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake.

Kisa hiki husimuliwa kwa ajili ya wazungu wawili waliokutana chini ya mwembe. Kwa sura hii, ninachokihitaji ni ule mfuko. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji iliishi kwa mabega ya wapagazi, na Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo. Mtu alijitwika kilo thelathini hivi, akatembea miezi mitatu kutoka pwani hadi Tabora. Pembe na vitambaa vilikwenda hivyo, na mambo mengine yasiyopimwa kwa mizani yalikwenda hivyohivyo: Kiswahili kilipanda bara, chuo cha Kurani kikapanda, na maandishi ya Kiarabu yakapanda. Hakuna kilichotoka pwani kikafika kwa sababu tu kilikuwa kimetumwa. Kilifika kwa sababu mtu alikibeba, na alipokosekana mtu, kililala Unyanyembe.

Mwezi Machi 2020 swali la mbebaji lilirudi Tabora, na safari hii mzigo ulikuwa masomo ya watoto.

Ili kuelewa jinsi mji ulivyotikisika, inabidi ukumbuke kwamba Tabora ni mji ambao watoto huufuata. Tangu zama za wakoloni, elimu hapa ilikuwa na anwani, na mwanafunzi ndiye aliyesafiri. Shule ya Wavulana Tabora ilianzishwa mwaka 1922, ya Wasichana ikaja mwaka 1928. Reli ya Kati ilikuwa imefika mwaka 1912, na tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928, kwa hiyo mtoto wa Ziwa na mtoto wa Kigoma wote walishuka stesheni moja na tranka zao. Julius Nyerere alitoka Musoma akafika hapo mwaka 1937, akasoma hadi mwaka 1942. Baada ya Makerere alirudi mjini humohumo kufundisha St. Mary's, ambayo leo inaitwa Mihayo. Weka na Milambo, Kazima, chuo cha ualimu na seminari ya Kipalapala, utaona kwa nini mji huu hupwaya kila shule zinapofunga. Wauza chapati wanajua tarehe za likizo kuliko walimu wenyewe.

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Arusha, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa siku thelathini. Siku iliyofuata vikafuata vyuo. Siku thelathini zilipokwisha, muda ukasogezwa mbele. Kidato cha sita, ambao mitihani yao ilikuwa imekaribia, walifunga mabegi hawajui wataifanya lini. Kwa mara ya kwanza Tabora haikuwa mahali pa kwenda kusomea. Wanafunzi wake walikuwa wametawanyika Kasulu, Mpanda, Sengerema na Urambo, na somo ndilo lililotakiwa kuwafuata.

Na somo lilitumwa. Sipendi kuandika kana kwamba wakubwa walilala, kwa sababu hawakulala. Taasisi ya Elimu Tanzania ilikuwa na vitabu vyake kwenye maktaba mtandao, mtu aweze kuvisoma bila malipo. Vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni. Ubongo, ambao vikatuni vyao vilikuwa vimezoeleka na watoto tangu mwaka 2014, walikuwa na hesabu na sayansi za kutosha kwa Kiswahili. Shule Direct walikuwa na masomo ya sekondari mtandaoni. Ukiyapanga mezani, hakuna anayeweza kusema kwamba nchi haikuwa na cha kumpa mtoto.

Sasa utazame mkoa wenyewe. Tabora ndiyo mkoa mkubwa kuliko yote Tanzania kwa eneo, zaidi ya kilometa za mraba 76,000, sehemu kubwa ikiwa miombo. Sikonge, Kaliua na Uyui zina vijiji ambavyo ukitoka barabara kuu unaingia porini saa nzima kwa pikipiki kabla ya kuona bendera ya shule. Televisheni iko kwa mwenye duka. Simu ya nyumbani ni kitochi, na huyo aliye nayo anaondoka nayo asubuhi. Redio ipo, lakini ni ya baba, na betri zake zinatunzwa kwa ajili ya taarifa ya habari na mpira. Simu janja ikipatikana, bando linahesabiwa kama chumvi mwisho wa mwezi.

Tena ilikuwa msimu. Aprili, Mei na Juni ndiyo miezi ambayo tumbaku iko mikononi mwa watu: inakaushwa kwenye mabani, inachambuliwa kwa madaraja, inafungwa marobota kusubiri soko la ushirika. Mkulima wa Urambo au Sikonge mwenye watoto wanne nyumbani saa nne asubuhi, shule imefungwa na jani linakauka, atawaambia wafanye nini? Miradi ya kuwatoa watoto kwenye mashamba ya tumbaku ilikuwa imefanya kazi katika wilaya hizo miaka ya nyuma, na hoja yake ilitegemea jambo moja: kwamba saa hizo mtoto ana mahali pengine pa kuwa. Shule ilipofungwa, hoja ile ilikosa pa kusimama. Simlaumu mzazi. Kipindi cha redio kinapita mara moja, hakimwiti mtoto kwa jina, na hakimwambii baba kwamba mwanao leo hakuonekana.

Nitakaa kidogo kwenye jambo moja, kwa kuwa ndani yake naona tatizo lote. Walimu wengi nchini, Tabora wakiwemo, hawakungoja maelekezo. Mwalimu alitunga maswali kwa mkono kwenye karatasi ya mstari, akayapiga picha, akayatupia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mzazi mwenye simu janja aliyapeleka steshenari. Kijana wa steshenari aliyakuza, akayasafisha kidogo kwa kuwa picha ilipigwa jioni na kivuli cha mkono kilikuwa kimefunika swali la saba, akayatoa kopi. Mzazi mmoja alilipia yake, mwingine akachukua na za jirani. Karatasi zikakunjwa mara nne, zikaingia mfukoni mwa dereva wa bodaboda au kwenye kapu la mama anayerudi kijijini kutoka gulioni. Siku ya tatu mtoto alikuwa ameketi kwenye kigoda na swali la saba mbele yake, daftari limeegemea goti.

Mpaka hapo kila kitu kilifanya kazi, na hakukuwa na bajeti, wala semina, wala mfadhili. Kila mtu aliyegusa ile karatasi alikuwa ameongeza kitu chake. Ningependa tuwape heshima wanayostahili wale vijana wa steshenari na wale kina mama wa gulioni, maana hakuna ripoti inayowataja.

Lakini daftari halikurudi. Mtoto alimaliza maswali ishirini, na hayakwenda popote. Hakuna aliyeyapiga picha kumrudishia mwalimu. Waliojaribu waliona picha arobaini zenye mwandiko wa penseli zikijaa kwenye simu ya mwalimu mmoja ambaye naye ananunua bando kwa fedha yake. Hakuna vema, hakuna kosa, hakuna ile kalamu nyekundu ambayo watoto wanaiogopa na kuipenda kwa wakati mmoja. Mtu yeyote aliyewahi kufundisha darasa la nne anajua watoto wanavyokimbilia meza ya mwalimu kila mmoja akitaka lake lisahihishwe kwanza. Mtoto akifanya kazi mara mbili, mara tatu, bila mtu kuitazama, ya nne haifanyi. Ya tano hata karatasi yenyewe inatumika kuwashia moto.

Njia ya misafara haikuwa ya kwenda tu. Mpagazi aliyeshuka pwani na pembe alipanda na vitambaa na shanga, na ni ule mzigo wa kurudi uliomfanya atamani safari nyingine. Masomo ya mwaka 2020, kwa sehemu kubwa, yalipewa njia ya kwenda, yakanyimwa ya kurudi.

Kinachonisikitisha ni kwamba nchi hii ilikuwa imeshajifunza jambo hili, tena kwa ukubwa ambao wengine walikuja kuusoma kutoka kwetu. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Radio Tanzania Dar es Salaam waliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa majuma kumi na mawili. Wengi wanaikumbuka kama kampeni ya redio. Redio ilikuwa sehemu ndogo. Kabla kipindi cha kwanza hakijarushwa, viongozi wa vikundi makumi ya maelfu walikuwa wamepewa mafunzo, nchi nzima. Kikundi kilikutana, mara nyingi chini ya mti kwa sababu ya joto, kikasikiliza. Redio ikizimwa, anayejua kusoma alisoma kijitabu kwa sauti, kisha watu wakajadili: maji ya kunywa tunayachota wapi, na yakichemshwa nani ana kuni? Na mwisho kikundi kiliamua la kufanya juma hilo, kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Washiriki walikadiriwa kufikia milioni mbili, na vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Mtangazaji wa Dar es Salaam hakujua jina la mtu hata mmoja kijijini. Kiongozi wa kikundi alizijua nyumba zote, na juma lililofuata alipita kuangalia shimo limefika wapi.

Kisha ikaja kazi ngumu zaidi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania awe na nafasi katika shule ya msingi kufikia mwaka 1977. Watoto wa kuandikishwa walikuwepo na madarasa yangejengwa kwa tofali za kuchoma na nguvu za wananchi, lakini walimu hawakuwepo, na vyuo visingeweza kuwatoa wa kutosha hata vikilaza wanachuo ukumbini. Ndipo serikali ikaanza, mwaka 1976, kufundisha walimu kwa mbali. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakapelekwa shule za vijijini, wakawa walimu na wanafunzi kwa wakati mmoja. Sehemu ya siku walisimama mbele ya watoto, sehemu nyingine walisoma vijitabu vya masomo kwa posta. Kulikuwa na vipindi vya redio. Na kulikuwa na wakufunzi waliowazungukia shuleni na vituoni, wakakusanya kazi, wakasahihisha, wakakaa nyuma ya darasa kumtazama kijana akifundisha kutoa kwa kukopa, kisha wakamweka pembeni kumwonyesha alipokosea. Baada ya miaka mitatu hivi kulikuwa na mafunzo ya muda mfupi chuoni, halafu mtihani.

Hadi mpango ule unafungwa katikati ya miaka ya 1980, walimu zaidi ya 35,000 walikuwa wamehitimu kwa njia hiyo. Watoto wa shule za msingi, waliokuwa milioni moja na ushei mwaka 1974, walipita milioni tatu mwaka 1983. Yaelekea mtu wa umri wangu aliyesoma shule ya kijiji, iwe Nzega, iwe Igunga, iwe kokote, amefundishwa na mmoja wao.

Watu waliwacheka. UPE, kifupi cha Kiingereza cha mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote, ikageuzwa kuwa Ualimu Pasipo Elimu, na bado unalisikia hilo likisemwa kwa mzaha mbele ya wazee waliotumia miaka thelathini ya uhai wao kwenye vumbi la chaki. Linaniudhi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 na taasisi ya UNESCO ya mipango ya elimu iliyoko Paris uliwalinganisha walimu hao na wenzao waliokaa chuoni, na ukaona kwamba kwa mambo mengi ya darasani hawakupishana sana. Palikuwa na udhaifu, hasa kwenye sayansi, na haishangazi, kwa kuwa hakuna maabara inayoingia kwenye bahasha. Lakini kijana wa darasa la saba aliyeko Ulyankulu, mwendo wa siku kutoka chuo chochote, alifanywa mwalimu kwa karatasi, sauti na mtu aliyekuja kumtazama. Mkufunzi akikosa usafiri miezi miwili, maendeleo ya vijana wake yalidorora, vijitabu viwe vizuri vipi.

Hata kabla ya Uhuru makarani wengi wa Afrika Mashariki, wa reli, posta na boma, walisoma kwa posta kutoka vyuo vya Uingereza, wakituma majibu kwa meli na kungoja majuma mengi yarudi na alama. Waliofanikiwa walikuwa watu wazima wenye mshahara, meza, taa na nia ya chuma. Kozi hizo ziliwafaa kwa kuwa bahasha ilirudi, hata kama ilichelewa. Mtoto wa miaka tisa hana nia ya chuma, wala hatumtegemei awe nayo.

Majirani zetu waliona makali zaidi. Kenya ilitangaza mwezi Julai 2020 kwamba mwaka ule wa masomo umepotea, na watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Uganda ilifunga Machi 2020, na ukiacha vipindi vifupi vya kurejea kwa baadhi ya madarasa, shule hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga muda mrefu kuliko hiyo. Sisi tulifungua mapema: kidato cha sita na vyuo vikuu tarehe 1 Juni, waliobaki tarehe 29 Juni. Kwa watoto, miezi mitatu na nusu ni nafuu kubwa kulinganisha na karibu miaka miwili. Ila nafuu hiyo ilitufanya tusahau haraka. Ratiba ilirefushwa kufidia vipindi, darasa la saba wakafanya mtihani wao Oktoba, na habari ya daftari ambalo halikurudi ikaachwa kama ilivyokuwa.

Kuna ambao hawakurudi na madaftari yao. Baadhi ni wavulana walioonja fedha ya tumbaku au ya bodaboda. Wengine ni mabinti waliopata mimba, na wakati ule mlango wa shule ya serikali ulikuwa umefungwa kwao. Ulifunguliwa tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alipotangaza kwamba waliokatisha masomo, wakiwemo waliojifungua, wanaweza kurejea. Binti anayeona aibu kuvaa sare tena na kukaa na wadogo zake ana njia nyingine, ile ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, taasisi ileile ya Mtu ni Afya.

Njia hiyo ni masomo ya mbali hasa, ingawa watu wengi hawaiiti hivyo. Binti anapewa moduli, vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya mtu anayejisomea. Hatua ya kwanza inashika kidato cha kwanza na cha pili, na inaishia kwenye Mtihani wa Maarifa. Akifaulu anaingia hatua ya pili, kisha anafanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Nyumbani anasoma mtoto akilala. Siku zilizopangwa anakwenda kituoni, ambacho mara nyingi ni darasa la shule ya kawaida baada ya wanafunzi wa mchana kutoka, na huko anamkuta mwezeshaji.

Ukitaka kujua kama kituo kinafanya kazi, mimi huwa naulizia mambo mawili, na hakuna hata moja linalohusu kompyuta. La kwanza ni kama mwezeshaji analipwa posho yake kwa wakati, kwa sababu huyo ni mwalimu aliyekwisha kufundisha vipindi vyake tangu asubuhi, na nauli ya kurudi kwake ni ya mfukoni mwake. La pili ni madaftari. Naomba kuona moja, lolote, la hesabu ikiwezekana. Nafungua katikati, mahali ambapo msisimko wa kuanza umekwisha na mtihani uko mbali, naangalia kama pana wino mwekundu na tarehe. Penye tarehe mbili zinazokaribiana, ya binti alipoandika na ya mwezeshaji aliposahihisha, ninajua kwamba binti huyo wiki ijayo atakuja, mvua inyeshe, mtoto mgongoni. Zikipishana kwa mwezi, nauliza anaishi wapi, ili apatikane wa kumfuata.